Nyumba Hii Hai

Nyumba namba mia na nne, Buruburu, awamu ya tatu,
imekaa sokoni miaka minne na miezi.
Wanunuzi wamekuja, wamegonga kuta kwa kifundo cha kidole
kama wagongavyo tikiti maji pale Mutindwa,
wakarudisha ufunguo, wakasema watapiga simu.

Kithinji, dalali, ananishika kiwiko:
"Kaka, nyumba ikikaa sana ni kama omena,
bei inashuka kwa harufu.
Mama anataka milioni kumi na moja. Wewe taja saba.
Atalia, atakata simu. Wiki mbili, atakupigia."
Mimi nina saba na nusu,
nyingi zake za Sacco, zenye wadhamini watatu
wanaonisalimu siku hizi kwa upole wa kutisha.

Nimeikagua kama daktari asiyetaka kupata ugonjwa,
kisha kama daktari anayeutafuta.
Ufa mmoja, toka dirisha la ngazi hadi darini,
unapitisha ukucha, haupitishi shilingi.
Mfereji wa jikoni ulikohoa, ukatema kutu, ukanyamaza:
maji ya kanjo ni Alhamisi.
Hati nimeipekua pale Ardhi. Safi. Haina deni wala kesi.
Basi kwa nini?
Kitu kisicho na sababu ya kukataliwa
kinatisha kuliko chenye sababu.

Nasambu hakuuliza habari za ufa.
Alisimama langoni, mvua ya Novemba ikilowesha ukuta,
akaniita nisome.
Juu, rangi mpya: INAUZWA, na namba ya simu.
Chini yake, maji yalipopenya chokaa,
herufi za zamani zilianza kurudi, nyekundu, moja moja.
Kithinji akawahi: "Ni ile HAIUZWI ya zamani.
Ugomvi wa ndugu. Ulikwisha.
Mmoja yuko Kanada, mmoja yuko Lang'ata, makaburini."
Lakini mvua haikumaliza kazi.
Ilikatika ghafla, na ukutani pakasomeka tu
NYUMBA HII HAI.

Mimi ni mhasibu. Siamini maneno ya ukuta.

Ila kuna Ekiru, bawabu,
elfu nane kwa mwezi, mwezi ukikumbukwa,
alalaye kibandani mwa mabati nyuma ya tangi.
Kazi yake ni taa.
"Saa moja nawasha jikoni," alinieleza.
"Saa mbili sebuleni. Saa tatu na nusu napanda juu,
nawasha chumbani, nakaa kidogo, nazima.
Wezi wajue kuna watu."
"Watu gani?"
Akafikiri. Swali halikuwa geni kwake.
"Wawili," akasema. "Hawagombani."

Sisi tuligombana kuanzia Jogoo Road hadi mlangoni.
Kwamba gari liuzwe, kwamba lisiuzwe,
kwamba mamake ahamie kwetu na chumba chake kitazame jua,
kwamba mimi huita uoga hesabu.
Haraka haina baraka, alisema mama yangu.
Ngoja ngoja huumiza matumbo,
alisema mama huyohuyo, siku nyingine.

Sasa karatasi iko mezani, hapa Umoja, orofa ya nne.
Jina langu, jina lake, namba ya kiwanja,
kisha mstari mtupu.
Saba ni kungoja mama wa watu achoke.
Kumi na moja ni ndoto ya mtu mwingine.
Nane naifikia bila gari,
nikitembea, nikijua bei ya kila kiatu.

"Saa ngapi?" anauliza Nasambu.
"Tatu na nusu."
Tunanyamaza wote.

Huko Buruburu, sasa hivi, tunapanda ngazi.
Kidole kinapapasa ukuta, kinaijua swichi gizani.

Naandika nane. Sifuri ya kwanza. Ya pili.
Nasambu anaisogeza taa karibu.